Marinda ya Pumzi

Nimeambiwa niandike maisha yangu kwenye daftari hili, ili ninyi mnaosubiri kwenye benchi la kliniki mpate cha kusoma. Maisha gani? Nani kawaambia nataka kusomwa? Mimi kazi yangu ni kupima watu, na mwaka huu nimepimwa mimi mpaka nimechoka: uzito, damu, mkojo, mapigo, na sasa wanataka na hadithi. Binti wa vipimo ndiye aliyeniletea kalamu. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nimesoma darasa la watu wazima, miezi minane, tena nilikwenda ili niweze kuandika kifua, kiuno na nyonga bila kumwomba mtu." Akasema, "Basi Bibi, andika hivyo hivyo unavyoandika vipimo." Haya. Naandika. Ila anayesoma ajue kabisa kwamba sifanyi bure. Mwishoni nitadai changu.

Mimi ni fundi cherehani. Mtaani wananiita Bi Pini, kwa kuwa miaka arobaini na mitatu nimefanya kazi na pini mdomoni, na mtu akinisalimu nikiwa kazini namwitikia kwa pua. Nina chumba kimoja kinachotazama njia. Mlango wake ni wa vipande viwili: cha juu nakifungua asubuhi mwanga uingie, cha chini nakifunga kuku wasiingie, na maneno ya watu vilevile, ingawa hayo yanajua kuruka. Cherehani yangu iko dirishani. Ni ya kukanyaga kwa mguu, chuma cheusi, maua yake ya dhahabu yamefutika pale mkono unapopita kila siku. Nyuma ya kiti changu, hatua moja na nusu, kuna kitanda. Kwa hiyo nikishona, kitanda kiko mgongoni. Nisichokiona nakisikia. Likumbukeni hilo la kitanda.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mama mmoja mwembamba kama uzi, asiyepiga kelele wala kucheka. Akiona mabega yako yanapanda na kushuka wakati wa kushona pindo, anakugonga kidole kwa mkasi uliofungwa na kusema, "Ukipumua, kitambaa nacho kinapumua." Basi tukajifunza. Unavuta pumzi, unaishika, unakanyaga, unapeleka pindo mpaka mwisho, ndipo unaiachia. Pindo likiwa refu unaligawa. Mwaka wa kwanza niliona nyota mchana. Mwaka wa pili nikawa sijui tena kama naishika. Mguu ukianza kukanyaga, pumzi inajifunga yenyewe. Mpaka leo nipeni kitu cha kukanyaga, chochote kile, ndivyo nitakavyofanya.

Sifa yangu ilikuwa marinda. Sketi za shule za mtaa mzima zimepita mikononi mwangu. Rinda langu ni vidole viwili, si vidole viwili na kidogo. Wapo mafundi wanaokunja kwa macho, rinda moja nene, jingine jembamba, mtoto akitembea sketi inachechemea. Mimi kila rinda nalipima kwa tepu. Tepu hii naivaa shingoni asubuhi naivua nikienda kulala. Jicho linaweza kukupendelea, mkono ndiyo usiseme, lakini tepu haina undugu na mtu.

Mume wangu alikuwa fundi rangi wa nyumba. Walimwita Mzee Nyusi, kwa sababu rangi ya nyumba anayoipaka ilikuwa inabaki kwenye nyusi zake hata akioga mara tatu. Ukitaka kujua wiki hiyo yuko nyumba gani, mtazame usoni. Mpole, mtani, mbishi wa chini chini. Hatukuwa na mengi ya kuambiana, lakini hayo machache tuliyasema kila siku.

Miaka miwili ya mwisho ngazi ilimshinda. Akipanda vidato vinne anashuka kupumzika. Baadaye akawa anarudi nyumbani saa sita mchana, anajilaza kwenye kile kitanda nyuma yangu, nami nashona. Miguu ikaanza kumvimba. Suruali zake nilizipanua chini mara mbili, kwa mkono wangu, na sikujiuliza mtu anayekonda usoni ananenepaje vifundoni. Fundi mzima! Angekuwa mteja ningeuliza. Alikuwa mume wangu, nikapanua.

Na alasiri akilala, pumzi yake ilikuwa na mwendo wake. Inaanza ndogo, ya kusikia kwa shida. Inapanda, inapanda, mpaka inakuwa nzito kama ya mtu anayesukuma gari lililokwama. Halafu inashuka, inazidi kuwa nyembamba, inasimama. Kimya. Nami mguu wangu unasimama. Nahesabu mpaka kumi na tano, siku nyingine mpaka ishirini. Kisha inarudi, ndogo, inaanza kupanda tena, nami nakanyaga. Miaka miwili nilishona hivyo. Pumzi ikiwa kubwa nakwenda haraka, ikipungua napunguza, ikisimama nasubiri.

Siku moja nilimgombeza. Niligeuka nikamwambia, "Wewe mzee, unanitania na pumzi yako? Unasimama hapo unanitisha ili iweje?"

Akafungua jicho moja. "Shona, mke wangu. Mimi nipo."

"Upo wapi na husikiki?"

"Nilinyamaza nikusikilize wewe. Naona umelala kazini."

Ndivyo alivyokuwa. Hakuna aliyeniambia kwamba mwendo ule una maana, na mimi sikuuliza. Nilidhani ni tabia ya usingizi wake, kama wengine wanavyokoroma. Mpaka alasiri moja pumzi ikashuka, ikasimama, mguu wangu ukasimama juu ya kanyagio, nikahesabu mpaka ishirini. Nikahesabu mpaka arobaini. Sikugeuka. Nilihesabu mpaka mia mbili nikitazama rinda lililokuwa chini ya sindano. Halafu nikalimaliza lile rinda, ndipo nikageuka. Sijawahi kumwambia mtu kwamba nilimaliza rinda kwanza. Sasa nimewaambia ninyi. Mtakalofanya nalo ni shauri lenu.

Hiyo ni miaka saba sasa. Chumba kimebaki na sauti moja, ya cherehani, na nikisimamisha mguu hakuna kitu. Miezi ya mwanzo nilikuwa nikisimama kwa mazoea, nasubiri, kisha naona aibu mbele ya ukuta. Mwanangu ni mmoja tu, na yuko mji mwingine, safari ya kutwa. Nguo siku hizi zinakuja zimeshashonwa, saizi zote, zinamkaa kila mtu vibaya kwa usawa. Wateja waliobaki hunipitishia nguo juu ya mlango kama wanaotumbukiza barua, wanakwenda zao. Wapangaji wa chumba cha pili hutoka alfajiri na kurudi jioni. Mmoja namjua kwa kikohozi, mwingine kwa viatu. Kuna siku kutwa nzima maneno yote niliyosema ni "karibu" na "njoo kesho kutwa".

Kisha nikaanza kuishiwa pumzi nikibeba ndoo. Nikasema uzee huo. Nikaongeza mto kitandani, wa pili, halafu wa tatu, nimeishona mwenyewe na foronya zake nzuri, nikajidanganya kwamba napenda kulala juu. Nikibonyeza mguu, kidole kikawa kinaacha shimo. Siku nilipokaa kuongeza mikanda ya viatu vyangu mwenyewe, mkono ulisimama. Kazi hii nilishawahi kuifanya kwa mtu. Kesho yake nikaja hapa kliniki, nikakaa kwenye benchi hilo hilo mlilokalia, upande ule wenye msumari. (Mwambieni mwenye jengo augonge ule msumari uingie. Nimeshaletewa sketi mbili kwa ajili yake.)

Daktari wa moyo ni kijana mrefu, anaongea polepole kama mtu anayevuka matope. Akanisikiliza kifua, akanipiga picha ya moyo, akasema moyo wangu umechoka, hausukumi damu inavyotakiwa. Akanipa dawa. Halafu akataka nipande baiskeli.

"Baiskeli ya kwenda wapi?" nikauliza.

"Haiendi popote, Bibi. Unakanyaga hapo hapo, tunakufunga barakoa, tunaangalia unavyopumua kazi ikizidi kuwa nzito. Ukiwa umekaa tu, moyo unaweza kutuficha mambo."

"Kwa hiyo mnataka kunichosha ili mjue kama nimechoka."

Binti wa vipimo aligeukia dirishani kucheka. Huyo ndiye ninayemwita Binti Baiskeli, na yeye anajua. Ndiye mwenye kufunga barakoa na kusoma karatasi zinazotoka kwenye mashine.

Jioni ile mwanangu akapiga simu.

"Mama, nimeongea na daktari. Kipimo hicho ndicho kitasema. Kikiwa kizuri, baki huko. Kikiwa kibaya, tarehe mosi mwezi ujao naja na gari kukuchukua."

"Na cherehani?"

"Mama, tunakaa ghorofa ya nne. Wa chini wanalalamika hata mtoto akiangusha kijiko."

"Kwa hiyo cherehani yangu ni kijiko."

"Sijasema hivyo, Mama."

"Umesema. Nimekisikia kikianguka."

Mwanangu si mtu mbaya. Na mkwe wangu ananiita mama bila kulazimishwa. Wamenitengea chumba, wameweka na runinga. Lakini mwaka juzi nilikaa kwao wiki mbili, najua kulivyo. Asubuhi wote wanaondoka, mlango unasukumwa, unajifunga wenyewe. Mimi nabaki mikono imelala mapajani kama nimeachiwa na mtu nimshikie. Upweke wa kwangu una kazi, upweke wa kule una runinga. Basi kipimo kile kikawa ndiyo kufa na kupona: nikifaulu nabaki na cherehani yangu, nikishindwa napandishwa ghorofa ya nne.

Siku ya baiskeli wakanibandika nyaya kifuani, wakanifunga kitambaa cha presha mkononi, na barakoa inayonuka mpira mpya. "Pumua kawaida tu, Bibi," akasema Binti Baiskeli. Nikaweka miguu. Kanyagio! Miguu ilifurahi kuliko mwenye miguu. Ikaanza kwenda, na pumzi ikajifunga yenyewe kama ilivyozoea. Mbele yangu kulikuwa na ukuta, kijani chini na nyeupe juu, na mstari zinapokutana rangi hizo haukunyooka. Mzee Nyusi angeusema wiki nzima. Basi mimi nikaushona. Navuta, nashika, napeleka mpaka pembeni ya dirisha, naachia. Navuta tena. Baiskeli ikawa nzito kama turubai, nikaendelea. Dakika ya saba miguu ikakataa, nikainua mkono.

"Nimemaliza pazia zima," nikamwambia aliponifungua.

Hakucheka. Alikuwa anatazama karatasi.

Wiki iliyofuata daktari aliitandaza mezani. Mstari umepanda na kushuka, umepanda na kushuka, kutoka mwanzo hadi mwisho. Akasema, "Bibi, ukikanyaga pumzi inatakiwa iongezeke kidogo kidogo, kama mtu anayepanda mlima mmoja. Ya kwako inakwenda kama mawimbi. Kwa mwenye ugonjwa wa moyo hiyo si dalili nzuri. Watu wenye mwendo huu hali zao mara nyingi huwa nzito kuliko wenzao, hata kama mioyo yao kwenye picha inafanana."

"Nzito kiasi gani?"

"Miaka siwezi kukutajia, kwa sababu siijui. Ninachokwambia ni kwamba inabidi tuwe macho kuliko nilivyodhani. Na kuishi peke yako kunanitia wasiwasi."

Hapo mimi nikacheka, cheko la pini zote mdomoni. Nikamweleza habari ya pindo, na yule mama na mkasi wake. "Huo si ugonjwa, daktari. Hiyo ni kazi. Mmempima fundi mkadhani mmempima mgonjwa."

Akamtazama Binti Baiskeli. Binti akaivuta karatasi karibu. "Kweli, daktari, kuna vikato vidogo vidogo hapa na hapa, kama mtu anayebana pumzi. Nilidhani barakoa imevuja."

Daktari akajikuna shingo. "Basi tutarudia wiki ijayo. Lakini safari hii, Bibi, tafadhali usishone."

Nilitoka pale kifua mbele. Wiki ile nzima nilifanya mazoezi. Nilitoa mkanda kwenye cherehani, nikawa nakanyaga hewa, mdomo wazi kama samaki, nahema bila kushika. Jambo la miaka arobaini na mitatu nilitaka kulimaliza kwa siku saba. Siku ya tano nikarudisha mkanda nikajaribu pindo moja huku napumua. Likatoka limepinda kama njia ya mchwa. Yule mama alisema kweli, kitambaa kinapumua. Sikulifumua. Liko pale ukutani nimelitundika, atakayekuja ataliona.

Mara ya pili nilifumba macho, nisiuone ule mstari wa ukutani. Nikakanyaga. Sikuvuta, sikushika, nikaiachia pumzi ijiendee yenyewe. Ikaenda. Ikaanza ndogo. Ikapanda, ikapanda, ikawa nzito. Halafu ikashuka bila mimi kuiambia, ikawa nyembamba, karibu isimame. Kisha ikaanza tena. Mimi pumzi ile naijua. Nimeishonea miaka miwili. Shingo yangu ilitaka kugeuka kutazama kitandani, na kitanda hakikuwepo, lilikuwepo kabati la dawa.

Aliponifungua barakoa nikamwambia Binti, "Nipe karatasi zote mbili."

"Bibi, ngoja kwanza daktari—"

"Nipe. Nimekuja na tepu yangu."

Nikazilaza mezani, moja juu, nyingine chini. Ya pili haikuwa na vikato, ilikuwa safi, lakini mawimbi yake yalikuwa pale pale. Nikapima la kwanza, kutoka kilele hadi kilele. Nikapima la pili. La tatu. Nikahamia karatasi ya juu, nikaruka vikato, nikapima. Upana mmoja. Marinda mazuri, wenzangu. Sijawahi kuona marinda yaliyokaa sawa vile, na mimi ni nani wa kusema hivyo. Pumzi niliyoishika mwenyewe, pindo refu, pindo fupi, isingeweza kukaa vile.

"Kila wimbi moja ni karibu dakika nzima," Binti akasema polepole. "Kuna pindo la kushonwa dakika nzima kwa pumzi moja, Bibi?"

"Hakuna," nikasema. Nikarudisha tepu shingoni.

Daktari alipokuja alikuta hakuna wa kubishana naye. Nikamuuliza kwa nini inafanya hivyo. Akasema damu ndiyo inayobeba habari ya hewa kutoka mapafuni kwenda kwenye ubongo, na kwa kuwa moyo umechoka, damu inatembea taratibu, habari inafika imechelewa. Ubongo unadhani hewa haitoshi, unaamuru pumua zaidi. Ikija habari kwamba imezidi, unaamuru punguza. Kila amri inapita kiasi kwa kuwa imetolewa kwa habari ya zamani.

"Mkanda umelegea," nikamwambia.

"Vipi?"

"Mkanda wa cherehani ukilegea, unakanyaga gurudumu haliitikii. Unaongeza mguu, mara linaruka. Unalizuia, linapitiliza. Hulipati sawa, kila saa uko mbele yake au nyuma yake."

Akanitazama. "Hivyo hasa. Mimi husumbuka nusu saa kuieleza."

"Mkanda wa cherehani nakata kipande, naunga. Wa kwangu je?"

"Wa kwako tutaukaza kwa dawa, kadiri tutakavyoweza. Sitakuahidi zaidi ya hapo."

Nilipenda alivyosema hivyo. Ndipo nikamwambia, "Mume wangu alikuwa anapumua hivi. Alasiri akilala. Miaka miwili." Akaacha kuandika. Binti naye akasimama na nyaya zake mkononi. Hakuna aliyeniuliza kwa nini sikumleta, na laiti wangeniuliza, maana jibu nimekaa nalo miaka saba na sina wa kumpa.

Kisha daktari akasema, "Na wewe ukilala, Bibi, nani anakusikia?"

"Ukuta."

"Nauliza kweli."

"Nami najibu kweli. Ni ukuta mzuri, umepakwa na fundi hodari."

Basi tukakaa tukapatana, mtu na mtu. Akasema mashine ya kupima usingizi wanayo moja na foleni yake ni miezi mitano. Lakini masikio hayana foleni. Akachora karatasi yenye mistari saba. Alasiri saba, mtu akae karibu nami nikiwa usingizini, saa moja nzima, na saa ya mkononi. Aandike pumzi imesimama mara ngapi, na iliposimama kwa muda mrefu zaidi zilikuwa sekunde ngapi. Dawa mpya ikifanya kazi, kusimama kutapungua, naye daktari atamwambia mwanangu kwamba Bi Pini anaweza kubaki kwake, kwa sababu ana watu wa kumsikiliza. Karatasi ikirudi tupu, atamwambia aje na gari. "Si kwa kukuadhibu," akasema. "Siwezi kukuachia peke yako na ukuta."

Nikaikunja nikaweka kwenye mkoba wa vifungo. Njiani nikawa nahesabu watu. Nilifika nyumbani kabla sijapata wa pili.

Wa kwanza alikuwa Binti Baiskeli mwenyewe. Alikuja siku yake ya mapumziko, na blauzi iliyokatika kwapani. Nilimshonea kwanza. Halafu akakaa kwenye kiti cha cherehani, mimi nikajilaza kwenye kile kitanda, na usingizi haukuja. Si kazi rahisi kulala mbele ya mtu. Nikamwambia, "Hebu weka mguu hapo kwenye kanyagio, kanyaga taratibu." Akakanyaga, hajui, gurudumu linakwenda linarudi, lakini mlio ni ule ule. Na mimi, katika miaka yote ya kukaa chumba kile, ndiyo mara ya kwanza niliusikia kutoka upande wa kitandani. Ndio mlio aliokuwa anausikia mume wangu. Aliposema ananisikiliza, nilidhani anatania.

Nikalala. Binti aliandika: imesimama mara tisa, ndefu sekunde ishirini na mbili.

Wa pili alikuwa mteja wangu wa siku nyingi, bwana mmoja mnene, namwongezea kiuno kila mwaka. Nilimweleza yote, akaitikia vizuri, akakaa kitini na saa yake kubwa. Nilipoamka, yeye ndiye anayekoroma, kidevu kifuani, na kwenye karatasi kaandika, "Haijasimama hata mara moja."

"Wewe ulijuaje?" nikamuuliza.

"Bi Pini, nilikuwa nimefumba macho nisikie vizuri."

"Ulisikia nini?"

"Nilisikia mtu anakoroma, nikajua uko salama."

Nilicheka mpaka nikashika ukingo wa kitanda. Kisha akaenda zake, nami nikachukua kalamu nikaukata ule mstari. Nguo mbovu haitoki mikononi mwangu, na karatasi mbovu haitakwenda kwa daktari. Nyuma yake nikachora mstari mwingine. Kwa hiyo umejazwa mmoja, imebaki sita. Leo ni tarehe kumi na saba. Mwanangu nimemwambia kipimo hakijakamilika, na huo si uongo.

Sasa nadai changu. Wewe uliyeshika daftari hili, umesoma mpaka hapa, umejua mpaka lile rinda nililolimaliza kwanza. Hukulipata bure. Kama una mtu nyumbani anayejilaza mchana, anza kwake leo hii: kaa nyuma yake, nyamaza, msikilize, na pumzi ikisimama usiendelee na kazi yako kama mimi. Mlete hapa. Kisha njoo kwangu, saa nane mchana, siku yoyote kabla ya mwezi kuisha. Njia muulize Binti Baiskeli. Leta saa yenye mshale wa sekunde na nguo iliyochanika. Nitashona kwanza, tena vizuri, ndipo nilale. Wewe utakaa kwenye kiti changu, utakanyaga taratibu mpaka nisinzie, utahesabu, na utaandika ulichokisikia, kiwe kizuri au kibaya. Usilale. Na usinionee huruma kwenye karatasi, nitakagua.

Hapa chini nimepiga mistari sita. Andika jina lako na siku utakayokuja kwenye mmojawapo, sasa hivi, kabla hujaitwa ndani. Kalamu nimeifunga kwenye daftari kwa uzi wangu mwenyewe, kwa hiyo usiniambie hukuiona.